Udongo wa Kichuguu Kliniki

Kliniki ya wajawazito hapa Sumbawanga, nesi alinivuta kope ya chini, akatazama, akauliza, "Unakula udongo?" Nikaogopa, maana kipimo kilionyesha damu imeshuka, na mimba ni ya kwanza, na anayeniletea udongo ni mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe amekaa ubavuni kwangu.

Akajibu yeye. "Anakula. Alikuwa anatapika hata maji. Nikamchimbia wa kichuguu kule Kasense, sasa ugali wa ulezi unakaa tumboni."

"Kichefuchefu kinatulia kweli, mama. Lakini udongo una minyoo."

"Nimeuoka jikoni. Minyoo gani watapona?"

Benchi zima likacheka. Nesi naye akacheka, kisha akasema, "Haya, wamekufa. Bado udongo unazuia madini ya chuma yasiingie kwenye damu. Akitoka damu nyingi siku ya kujifungua, tutafanyaje?"

Mama akainuka, akaaga. Tulipotoka nje akafungua pindo la kanga, akaumwaga udongo chini, akabakiza kipande kimoja, akakitia mdomoni mwake haraka kama mtoto aliyeiba sukari.

"Tangu mimba ya mume wako nimeshindwa kuacha. Usimwambie."

Kumbe kumwachisha mwenzako ndiko rahisi, kujiachisha mwenyewe ndiko kazi. Nikamvuta kope ya chini kama nesi, ndani kulikuwa kweupe kabisa. Nikamshika mkono, tukarudi ndani.

"Namwambia nesi tu, mama. Mwingine simwambii."

Na mume wangu, bahati nzuri, kwenye gazeti litakalochapa kisa hiki husoma kurasa za mpira tu.