Mwende Alifika Sita, Mimi Nne

Kwa karibu miaka mitatu niliamini, kwa roho yangu yote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba mtu akiingizwa thieta kupasuliwa na kuambiwa ahesabu moja, mbili, tatu kabla ya usingizi, nambari atakayoishia ndiyo miaka aliyobakisha duniani. Msinicheke bado. Mimi ndiye nilikuwa na shida, nyinyi mna haraka ya nini?

Kwanza mnijue nilivyokuwa mzima. Kazi yangu ni kisiagi, kusaga mahindi ya watu, hapa Kathiani. Gunia la kilo tisini nililibeba kwa bega moja, bega la pili likipumzika na kupiga mluzi. Masomo niliyamalizia shule ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, na Biolojia nilipita. Nina mke mmoja na mtoto mmoja, Mwende, na kabla ya haya sikuwa nimelala hospitali hata siku moja.

Aliyetangulia kulazwa ni Mwende. Alikuwa na miaka saba, tonsili zimefura hadi mate hayapiti. Hospitali tuliyoenda Machakos mjini ilimwekea mama yake apu ya watoto kwenye simu. Ndani kuna sungura. Mtoto anamvisha sungura gauni, anampandisha kitanda cha magurudumu, anamwekea kinyago, kisha wanahesabu pamoja mpaka sungura alale. Mwende alimpeleka huyo sungura thieta kama mara mia nne. Siku yake ilipofika aliingia akitupungia mkono kama mheshimiwa. Aliporudi, damu kidogo ikiwa bado kwenye mdomo, alininong'oneza, "Baba, nilifika sita." Apu ikampa nyota sita, na kila mgeni nyumbani alionyeshwa hizo nyota kabla ya kupewa chai.

Wiki mbili baadaye Muthama akaja kusaga. Muthama ni mteja wetu, na akiwa kwenye foleni ana habari nyingi kuliko redio. Siku hiyo alituambia mjomba wake alipasuliwa goti, akahesabu akafika mbili, na miaka miwili kamili ikapita wakamzika. "Mbili! Si moja, si tatu!" akasema, vidole juu. Huyo mjomba alikuwa na miaka themanini na tisa, lakini hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa nimeshika debe. Saba kuongeza sita ni kumi na tatu. Unga ulimwagika na sikuuona.

Sikumwambia mke wangu. Ungemwambiaje mama wa mtoto? Nilikaa nayo peke yangu, na haikunikalia vizuri. Mwende akikohoa nilisimama. Akipanda mparachichi nilimshusha. Akichelewa dakika tano kutoka shule nilizima mashine na kumfuata barabarani, wateja wakinipigia kelele. Watu walipokata keki ya siku yake ya kuzaliwa, mimi nilikuwa natoa miaka. Imebaki mitano. Imebaki minne.

"Baba Mwende," mke wangu aliniambia, "huyu mtoto si yai. Utamkalia mpaka lini?"

Ndipo ugonjwa wangu ukaanza. Ulianza kama harage, hapa kwenye kinena, upande wa kulia. Nikilala chali linaingia, nikikohoa linatoka. Likawa yai. Likawa embe, na si embe dogo. Klinikal ofisa wa zahanati alibonyeza mara moja akasema, "Hii ni ngiri. Haina dawa ya kumeza. Inashonwa."

Kushonwa ni thieta. Thieta ni kuhesabu. Nikamwambia nitarudi, na sikurudi. Nilijifunga kitambaa cha leso ndani ya suruali, nikaongeza mshipi juu yake, nikawa natembea kama bata aliyeoga. Mke wangu akiuliza, nasema ni mgongo. Misimu miwili ya mahindi nilibeba magunia hivyo.

Jumamosi moja asubuhi niliinua gunia, kitu kikashuka ndani kwa nguvu, na safari hii hakikurudi. Nililala chali nikabonyeza. Kigumu kama jiwe. Ngozi juu yake ilikuwa nyekundu na moto. Nikaanza kutapika. Kwanza ilikuwa chai, halafu maji ya njano, halafu kitu cha kijani kinachonuka, samahani, kama choo. Tumbo likafura kama ngoma.

Mke wangu alikuja mbio kutoka nyumbani na Mwende nyuma yake. Alinitazama mara moja. "Umeenda choo?"

"Tangu jana hapana."

"Hata kushuta?"

"Hata."

"Aiya! Na unaniambia mgongo?" Akaita gari la jirani, tukashuka Machakos, mimi nikiwa nimekunjwa kiti cha nyuma na beseni mapajani.

Daktari alikuwa kijana mwembamba asiye na maneno mengi. "Mzee, utumbo umekwama kwenye hilo tundu la ngiri. Damu haifiki. Tukichelewa unaoza, na ukioza tunaongea mambo mengine. Weka sahihi hapa."

"Siwezi kupewa sindano tu, daktari?"

"Sindano utapewa, nyingi. Sahihi kwanza."

Kalamu ilikuwa mkononi na mkono ulikataa. Mke wangu alianza kulia, akidhani nimechanganyikiwa. Mwende, wakati huo akiwa na miaka kumi, akasogea na simu ya mama yake. Akafungua apu.

"Baba, usiogope. Ona sungura. Kinyago kinanuka plastiki kidogo, halafu unahesabu, halafu basi. Jaribu kunishinda. Lakini usihesabu mbiombio, hiyo ni kuiba."

Nilimtazama. Kwa hesabu yangu alikuwa amebakisha mitatu. Nikajiuliza kama nitamfanya aimalize akiwa yatima kwa sababu mimi naogopa nambari. Nikaweka sahihi. Ilitoka imepinda kama mchoro wa kuku, lakini ilikuwa sahihi.

Thieta ni baridi kama friji ya nyama. Aliyekuja kunilaza ni mama mmoja mwenye kofia ya maua. "Naitwa Nthenya. Nitakuwekea kinyago, uhesabu kwa sauti."

"Naweza kuanzia tisini, madam?"

"Anzia moja kama watu wengine."

Nikaanza. Moja. Mbili. Tatu. Nilijivuta kama ng'ombe aliyekwama kwenye matope. Nne.

Niliamka na mrija puani, mdomo mkavu kama gunia la unga. Walikata kipande cha utumbo kilichokuwa kimekufa. Daktari anasema kilikuwa kama kidole, mimi nikihadithia huwa ni mita mbili. Mwende aliruhusiwa kuniona, na nikamwambia ukweli. Akaruka. "Nimekushinda! Nne tu?"

Siku ya tatu upepo ulitoka, na wodi nzima, wagonjwa kwa wauguzi, walifurahi kuliko siku ya uchaguzi. Nikapewa uji. Siku ya saba nikaenda nyumbani, nikitembea nimeshika tumbo kana kwamba nimeiba kuku.

Hapo mngedhani nimetulia. Sikutulia hata kidogo. Mwende amebakisha mitatu, mimi minne. Maana yake ningemzika mimi mwenyewe, halafu nikae mwaka mzima nikitazama kitanda chake. Mshono ulikuwa unawasha, lakini si mshono ulionikosesha raha. Nilizunguka boma mpaka mke wangu akaficha viatu. Mwende alikuwa ameniandikisha kwenye apu yake kama sungura mwingine, na kila asubuhi simu ililia kutuuliza kama bendeji imebadilishwa. Alibadilisha yeye, kwa mikono safi, akiimba. Mimi nikigeuza uso ukutani.

Kabla sijamaliza, nishukuru. Namshukuru Mungu, na yule daktari mwembamba, na mke wangu aliyeuliza swali ambalo wanaume huona aibu kulijibu. Na wewe mwenye uvimbe kinenani, ninayekuona ukitembea kama nilivyotembea, toa huo mshipi uende ushonwe ukiwa bado unaweza kulala chali uvimbe ukarudi. Ni saa moja tu. Ukingoja kama mimi, unaacha utumbo wako kwenye ndoo. Na kama mtoto wako anaenda hospitali na wanakupa apu ya sungura, kaa naye uicheze. Usimwachie peke yake ukidhani ni katuni, kwa sababu mle ndani kuna majibu ya mambo ambayo wewe unaogopa kuyauliza.

Nilijua hivyo wiki ya tatu. Mwende alikuwa shule, simu imebaki. Kwenye apu kuna mahali mtoto anaandika swali na watu wa hospitali wanamjibu. Mimi mtu mzima niliona haya, nikaandika kwa jina lake: "Mimi ni Mwende. Nilifika sita. Ni kweli nitakufa nikiwa na miaka kumi na tatu?"

Haikupita nusu saa, simu ikalia.

"Hallo, naitwa Nthenya, napiga kutoka hospitali. Naomba kuongea na Mwende, tafadhali, na mama yake awe karibu."

"Mwende yuko shule."

"Sasa nani ameandika hili swali?"

Nikakohoa, mshono ukaniuma. "Ni babake. Yule wa ngiri."

"Yule wa tisini?"

"Huyo."

Nikamwambia yote: foleni, Muthama, mjomba, keki, sita ya mtoto na nne yangu, na ule mwaka wa kukaa nikitazama kitanda. Nilikuwa nimekaa juu ya debe nyuma ya nyumba, nalia kama mtu aliyemenya vitunguu vya harusi nzima. Hakunicheka.

"Baba Mwende, nisikize," akasema. "Ile hesabu haipimi miaka ya mtu. Tunawaambia mhesabu ili tujue dawa imeshika. Ukinyamaza, umelala. Ni hivyo tu."