Blanketi la Buluu Tupu

Tangu aolewe na kaka yangu, wifi hushona sare za shule chumba cha nyuma, cherehani ikitazama ukuta. Hutoka Jumamosi tu, kuja kwenye kikundi chetu cha kushona mablanketi ya viraka.

Safari hii mwenyekiti alitupa shindano: kila mmoja atumie mabaki ya nyumbani kwake, kuazimana marufuku. Mshindi angekwenda kufundisha mji mwingine, mwezi mzima. Wifi aliitaka safari hiyo mpaka usingizi ukampaa.

Wenzetu walileta maua na mistari. Yeye, buluu tupu, mabaki ya sare.

"Shoga, umetushonea jela?" mmoja alimtania, tukacheka.

Tulipolitundika blanketi lake, kicheko kilikatika. Alikuwa amepanga buluu nzito kando ya hafifu, hata ukaona dirisha lililo wazi. Tukamchagua yeye.

Nilimsindikiza kwa kaka. Kaka alilipapasa blanketi.

"Zuri, mke wangu. Ila shule zinafunguliwa. Nani atashona sare?"

Wifi alinitazama. Mimi najua sindano ya mkono tu, na mtoto wangu alikuwa mgongoni. Niliinamisha macho.

Wifi akalikunja blanketi, akalitandika kwenye kiti cha cherehani, akalikalia, akavuta sare iliyofuata.