Kila nyumba anayoichora ina plasta ya marehemu mumewe

Saa moja asubuhi. Duka la fotokopi la mbele bado limefungwa, lakini katika chumba cha nyuma mwanamke mmoja amekwishaketi, sweta mabegani, macho kwenye kompyuta. Mbele yake kuna nyumba ya vyumba vitatu ambayo haijajengwa popote. Anaisogeza karibu mpaka dirisha la jikoni linaenea kioo kizima, kisha chini yake anaweka michirizi hafifu ya kahawia, ile ambayo mvua huiacha ukutani. Anatazama. Anaipunguza.

"Ikizidi, mwenye nyumba atasema nimemchafulia," anasema bila kugeuka. "Isipokuwepo kabisa hatasema kitu, ila moyoni hataamini kwamba hiyo ni nyumba."

Mafundi wa mtaani wanamwita Mama Kivuli, kwa jinsi anavyoweza kubishana nusu siku juu ya kivuli cha bati. Kazi yake ni kuchukua ramani ya nyumba na kuigeuza kuwa picha, ili mtu aione nyumba yake kabla hajanunua hata tofali moja. Ana umri wa miaka thelathini na nane, watoto wawili, na mama mkwe anayeishi naye.

Mwanzoni, anakiri, picha zake zilikuwa kama keki. Kuta zinang'aa, nyasi kijani kama rangi ya kopo, kila kitu kipya. Mteja mmoja aliitazama yake kwa muda, akamrudishia. "Dada, ni nzuri," alimwambia, "ila naona kama siruhusiwi kuingia."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Jioni mumewe, aliyekuwa fundi mwashi, alirudi na saruji kwenye nywele, akasimama nyuma yake.

"Akaniuliza, 'Mama watoto, jua linatokea wapi hapa?' Nikamwambia sijui. Alicheka mpaka akakaa chini. 'Basi nyumba yako iko mbinguni, maana duniani lazima litokee mahali.'"

Tangu hapo kila Jumapili walikuwa wakitoka, yeye na mumewe, kwenda kutazama kuta za watu. Walitazama plasta mbichi na plasta kavu, kona zinavyoshika vumbi, mlango unavyochakaa pale mkono unapoushika. Watu waliwaona kama wamerukwa na akili. "Wengine walidhani tunapeleleza tuje kuiba," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka.

Kisha ikaja nyumba ya ghorofa moja ambayo waliifanya pamoja, picha yake yeye, mkono wa mumewe. Ile picha mumewe aliibandika kwenye kibanda cha saruji, na kila aliyepita aliambiwa nani aliichora. "Alijivuna kuliko mimi."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi mumewe alipanda jukwaa la miti kumalizia ukuta wa nje wa nyumba hiyo, ubavuni mwa roshani ya juu. Msaidizi wake aliteremka kuchanganya udongo wa saruji. Kamba zilizofunga miti zilikuwa zimelegea kwa maji, na jukwaa likaondoka chini ya miguu ya fundi.

"Yule msaidizi alikimbia mpaka hapa. Alisimama mlangoni pale, hana viatu. Nikamuuliza, 'Shemeji, vipi?' Akatazama miguu yake. Nikamwambia, 'Sema basi!' Akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake. Sikumuuliza tena."

Mumewe alifia njiani kwenda hospitali.

Mwaka mzima hakuchora. Alikuwa akitoa fotokopi katika duka la mbele. Ujenzi nao ulisimama. Mwenye nyumba alitaka kuuza, lakini wanunuzi walikuja, wakaona ukuta ulioachwa nusu, wakauliza majirani, wakaondoka wasirudi.

Ndipo mwenye nyumba akamfuata Mama Kivuli. "Alikuja na adabu zote, akakaa, akashindwa kuanza. Mwishowe akasema, 'Mama, wewe ndiye unayeijua ile nyumba. Nitengenezee picha yake ikiwa imekwisha, watu waione.' Nilimfukuza. Nilimtolea maneno ambayo hakustahili."

Mama mkwe alisikia kila kitu kutoka chumba cha pili. Aliacha siku chache zipite. Kisha akamwambia, "Mwanangu, mimi sijapaona mahali alipofanyia kazi mara ya mwisho. Nipeleke."

Walikwenda. Walipanda ngazi polepole, mkwe kamshika mkwe, mpaka kwenye roshani. Pale ubavuni, plasta ilikuwa bado kama alivyoiacha, alama za mwiko zimepinda kufuata mzunguko wa mkono wake, safu juu ya safu, mpaka zinapokatika na tofali kubaki wazi. Mama mkwe aliweka kiganja ukutani, akakaa nacho hapo. "Ni mkono wake huu," alisema.

Mama Kivuli alitoa simu, akaupiga picha ule ukuta kipande kwa kipande, machozi yakimdondoka, mpaka chaji ikaisha.

Ili ukuta wa kwenye kompyuta ufanane na ukuta wa kweli, huvishwa picha ya ukuta halisi, kama daftari linavyovishwa jalada. Aliikubali kazi ya mwenye nyumba, na kuta za nyumba ile akazivisha picha hizo alizopiga. Mnunuzi alipatikana. Mafundi wapya walipomaliza kazi, walipiga plasta yao juu ya ile ya marehemu. "Halali yao," anasema. "Ukuta hauachwi nusu."

Lakini picha alibaki nazo, na tangu siku hiyo hajachora nyumba isiyovishwa plasta ile. Wateja hawajui. Wanasema tu kwamba kuta zake zina uhai. Kuna kipande kimoja tu ambacho hajawahi kukitumia, kile cha mahali mkono wa mumewe ulipoishia.

Je, kumwona mumewe hivyo kila siku kunampoza au kunamtonesha? Anafuta vumbi lisilokuwepo kwenye meza.

"Kunauma," anasema. "Nikiacha, kutauma zaidi."

Sasa anachora nyumba ya kwao, kwenye kiwanja ambacho mumewe alikwishachimba msingi. Ni vyumba viwili tu kwa kuanzia. Kimoja ni cha mama mkwe, chenye dirisha linaloelekea macheo, maana asubuhi baridi humsumbua magoti. Anatumaini kuanza kupandisha kuta kiangazi kijacho.

Juzi alimketisha bibi huyo mbele ya kompyuta. Bibi aliitazama picha, akagusa kioo kwa kidole, kwenye ukuta.

"Atatujengea nani?"

"Shemeji, Mama. Yule msaidizi. Siku hizi ni fundi kamili, na kaomba mwenyewe."

Bibi alijivuta kutoka kwenye kiti, akajikongoja mpaka mlangoni, kisha akageuka.

"Mwambie," alisema, "kamba azifunge mara mbili."