Mama Émérence na Nafasi ya Materniti

Kwenye karatasi za serikali aliandikwa Mumba, maana miaka ile ya Zaire majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa. Lakini mtaani Kataki, na hata pale alipofulia mashuka ya lopitali, kila mtu alimwita Mama Émérence. Alizaliwa Moba, ndoa ikamleta Kalemie. Mume wake, Pascal, alikuwa mtu wa reli. Asubuhi Émérence alifua mashuka yenye damu mpaka vidole vikakunjamana. Alasiri alikwenda parokiani, kwenye masomo ya watu wazima waliotaka kuwa wasaidizi wa wauguzi.

Darasani alikaa karibu na mlango, aproni yake bado mbichi. Mwalimu wao, Papa Léon, muuguzi aliyestaafu, akiuliza swali, Émérence alilijibu moyoni, kisha akalimeza jibu. Mara nyingi jibu lilelile lilitoka kinywani mwa mwingine, na huyo akasifiwa.

Siku moja mkubwa wa materniti, wodi ya kujifungulia, Mama Henriette, alikuja kutafuta mtu wa kusaidia wakunga.

"Nani kati yenu amezoea lopitali?"

Macho yote yakageukia mlangoni. Émérence akainamisha kichwa.

"Mimi ni wa kufua tu, Mama."

Mama Henriette akawatazama wengine. Ndipo akamwona Julienne, muuza samaki, amenyoosha mkono. Julienne akapata nafasi.

Walitoka pamoja. Émérence alitaka kumpongeza, akaishia kukaza kamba za aproni.

"Umenikasirikia?" Julienne akauliza.

"Hapana. Wewe ulinyoosha mukono."

"Na kupima joto ya mugonjwa, nani alinifundisha? Si njo wewe? Sasa sababu gani muntu akikuuliza kazi yako unaongeza ile 'tu'? Nani alikuambia uiongeze?"

Jioni, akisonga bukari, ule ugali wao, Émérence aliendelea kulitafuta jibu. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa msichana mdogo mama yake alipofariki, akaachishwa shule alee wadogo zake, na tangu hapo kila alipoingia aliingia kwa mlango wa jikoni. Alizoea kujikataa mwenyewe mapema, ili atakayemkataa asimuumize sana. Alipomweleza Pascal, huyo akacheka, lakini si kwa ubaya.

"Hapa nyumbani unatuamuru sisi wote. Ukifika kule sauti inabaki wapi?"

Kesho yake alimwomba Papa Léon amsimamishe mbele arudie somo la jana. Sauti ilimpotea katikati, na nyuma mtu akacheka. Émérence alisimama palepale mpaka sauti ikarudi, akamaliza somo huku jasho likimtiririka mgongoni. Wiki iliyofuata akaomba tena. Hofu haikuisha, ila alijua sasa kwamba inaweza kukaa ndani yake na maneno yakatoka vilevile.

Mvua zilipoanza, nafasi nyingine ikapatikana. Safari hii Émérence alikwenda mwenyewe kwenye biro, ofisi ya Mama Henriette, amevaa kitenge chake cha Misa.

"Unafanya kazi gani, Mama?"

"Ninafua mashuka ya lopitali." Akaiacha ile 'tu', akaendelea. "Ninajua kutenga ya wagonjwa wa kuambukiza. Wanawake wapya wakifika, mimi njo ninawafundisha. Na ninasoma kwa Papa Léon."

Mama Henriette akamuuliza juu ya mzazi anayetokwa na damu baada ya kujifungua. Émérence alieleza la kwanza la kufanya. La pili hakulijua. Akaona mlango uko karibu, na miguu ikataka kwenda.

"Hiyo sijui bado, Mama. Munionyeshe, nitashika."

Alichukuliwa kwa majaribio.

Siku zake za kwanza hazikuwa tamu. Alichanganya vyombo vilivyochemshwa na vichafu, na mkunga mmoja akamkaripia mbele ya wazazi waliolala vitandani. Émérence alitoka nje, akasimama penye bomba akilia. Kutoka pale aliwaona wenzake wa zamani wakianika mashuka. Mmoja akampungia mkono, na kazi ile ya zamani ikamwita kwa upole, kama kitanda kinavyomwita mtu aliyechoka.

Akapunga naye mkono. Kisha akanawa uso, akarudi ndani kwa mkunga yule.

"Mama, nilikosa. Nionyeshe tena vile vyombo vinapangwa."

Mkunga akasogea pembeni ampishe kwenye meza ya vyombo.