Puti Chini ya Rangi

Walimwita Fundi Meno kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Kwa miaka ishirini na sita alipokea mikononi mwake meno ya watu yaliyovunjika, yakiwa na ute na mabaki ya chakula cha jana, na hata siku moja hakukunja pua. Aliyekunja ni mkewe.

"Nawa tena," alizoea kumwambia mezani.

"Nimeshanawa."

"Hiyo ilikuwa ya huko kazini. Sasa nawa ya hapa."

Mapenzi yake yalikuwa nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati: gari la porini la kizamani, lenye uso bapa na mlango wa nyuma unaofunguka kama kabati. Alilinunua likiwa gofu, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mwaka ule ulikuwa wa saba tangu aanze kulifufua. Kila Jumamosi alifungua kipande kimoja, akakipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akakipaka dawa ya kutu, akakirudisha. Jirani alipomuuliza kama litawaka siku ya kiyama, alimjibu, "Kiyama kitanikuta nimebakiza breki."

Hakuwa peke yake kwenye wazimu huo. Walikuwa wanaume tisa waliokutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi katika uwanja ulio nyuma ya ghala la mbao. Walifungua boneti, wakainama, wakabishana juu ya kabureta mpaka jua likawageukia. Jogoo wao alikuwa mmoja waliyemwita Mng'aro. Fundi Meno alitumia mwaka mzima kwenye milango miwili. Mng'aro aliokota gari la skrepa mwezi wa kwanza na kufikia mwezi wa nne lilikuwa linameta kama kiatu cha bwana harusi. Kisha aliliuza, akaokota jingine.

"Siri yako nini, kaka?" Fundi Meno alimuuliza mara moja, kwa wivu usio na kinyongo.

"Mkono mwepesi," alijibu Mng'aro, akifuta kioo cha pembeni kwa kiwiko.

Kwa hiyo mkunga wa zahanati, mwanamke aliyewapokea watoto wote watatu wa Fundi Meno walipozaliwa, alipotaka gari la kumfikisha kwa wajawazito wa mlimani, alimwendea Fundi Meno kuomba ushauri. Naye alimwambia, "Dada, nenda kwa Mng'aro. Nunua ukiwa umefumba macho."

Miezi miwili baadaye mkunga alirudi na lile gari, la rangi ya kijani, zuri mpaka watoto walilizunguka wakijitazama kwenye mlango.

"Shemeji, nikiegesha kwenye mteremko mlango wa dereva haufungi. Nikifika tambarare unafunga."

Fundi Meno aliacha kutabasamu. Mlango wa namna hiyo hauna kosa. Kinachopinda ni gari lenyewe. Alitandika gunia, akaingia chini na tochi na bisibisi. Chasisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba kila kitu, ilikuwa nyeusi, laini, bila mkwaruzo. Akaibonyeza kwa bisibisi. Bisibisi ikazama hadi mpini.

Alipoichomoa, vipande vya puti vilimwangukia usoni, ile dawa ngumu kama udongo inayozibia mabonde madogo ya bodi. Nyuma ya puti yakatoka magazeti yaliyolowa, sponji la godoro, kisha kutu yenyewe, nyekundu na yenye majimaji, ikishuka kama kidonda kilichotumbuliwa. Mle ndani panya alikuwa amezaa na wanawe wakafa. Harufu ikamwingia kooni. Fundi Meno, mtu wa meno ya watu, alitoka chini ya gari kwa magoti, akatapika kando ya ukuta.

Mkunga alisubiri mpaka akamaliza. "Niambie tu."

"Hili gari lingekatika katikati. Labda wiki hii, labda mwakani."

"Juzi nilimshusha humu mama mwenye uchungu. Mvua inanyesha. Na wewe ndiye uliyeniambia nifumbe macho."

Fundi Meno alijiona mchafu ndani, mahali ambapo sabuni haifiki.

Jumapili iliyofuata alikwenda uwanjani na ndoo. Mng'aro alikuwa ameegemea gari lake jipya, jekundu, akimwonyesha mnunuzi mmoja, mwalimu aliyekuja na mkewe.

"Hiki ni nini?" Fundi Meno aliuliza, akaimwaga ndoo juu ya boneti: puti, magazeti, sponji, na mifupa ile midogo.

Mng'aro aliruka nyuma. "Umerogwa? Rangi hiyo haijakauka vizuri!"

"Haya nimeyatoa kwenye chasisi ya gari la mkunga."

"Kwani yeye alinunua chasisi? Alinunua gari zuri, nikampa gari zuri. Ulitaka nimwuzie kutu mbichi?"

Mwalimu alimshika mkewe mkono, wakaondoka bila kuaga. Fundi Meno aliwageukia wenzake akitafuta hata uso mmoja wenye hasira. Walikuwa wakitazama matairi. Mwishowe mkubwa wao kwa umri, seremala mstaafu, alikohoa.

"Punguza sauti, bwana. Kazi za Mng'aro tunazijua sote. Umewahi kuona hata mmoja wetu ananunua kwake?"

Hilo lilimchefua kuliko panya. Miaka saba amekula nao karanga kwenye kikombe kimoja, na muda wote huo walijua. Walimwacha awapeleke watu kwenye jeneza lililopakwa rangi, kisha wakamsifia Mng'aro rangi yake. Aliokota ndoo yake, akapita katikati yao, na mate aliyotema aliyatema karibu kabisa na viatu vya seremala.

Gari lake mwenyewe alilifunika turubai. Jumamosi kumi na moja alikata uozo wa lile la kijani na kuchomelea chuma kipya, unene wa kidole, huku mkunga akimshikia taa na kuuliza kila kitu. Hakupaka chochote juu ya maungio mpaka mkunga alipoyagonga kwa nyundo, moja baada ya jingine, akaridhika.

Mng'aro bado anauza. Uwanja bado unajaa. Mwezi uliopita seremala alikuja kwa Fundi Meno na gari la mkwewe, akaomba litazamwe chini, kimya kimya. Fundi Meno alilala kwenye gunia, akalichunguza, akamwambia penye uozo, akaingia ndani.

"Hata kiti hukumpa?" mkewe alimuuliza.

"Alikuja kutazamiwa gari," alisema, "si kukaa."