Betri Zilipokufa Katikati ya Habari

Juzi rimoti ya televisheni iligoma. Nikazitoa betri, nikaziuma kidogo kwa meno, nikazianika dirishani penye jua. Wanangu walicheka mpaka wakakaa chini. Waache wacheke. Moja ilikuwa imevuja, na ile harufu yake kali ya kutu ikanipanda puani. Mimi, mtu mzima mwenye nyumba yangu Mbeya mjini, nikashikwa na woga wa mtoto wa miaka tisa.

Tuliishi kijijini, upande wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya zile mvua za El Nino zilizokata barabara na kuwafanya watu walale njiani. Baba alikuwa seremala, na redio yake ya betri nne kubwa ilivalishwa kitambaa cha kufuma, ikapendeza kuliko sisi watoto. Sheria ilikuwa moja tu: redio ni ya taarifa ya habari. Baba alisema muziki unakula betri, na betri hazioti shambani.

Siku hiyo Baba alidandia lori alfajiri kupeleka milango Mbeya, akaahidi kurudi jioni. Asubuhi Mama alichukua ndoo akaenda kisimani. Mimi nikaikumbatia redio, nikapanda nayo kihengeni, nikajilaza juu ya mahindi, nikafungulia kipindi cha salamu. Jamani, utamu ule! Mtu wa Igawa akimsalimu mjomba wake wa Ruaha Mbuyuni, ujumbe wake kwamba vitunguu vimefika salama, kisha wimbo. Nilisikiliza mpaka kipindi kikaisha na sauti ikaanza kukwaruza. Nikazianika betri juu ya bati la jiko, nikazirudisha kabla ya saa saba mchana, nikaomba Mungu.

Saa saba majirani walikuwa wamejaa barazani kama kawaida. Redio nyingine pale kijijini ilikuwa ya mwinjilisti, naye alikuwa safarini. Habari zilisomwa vizuri, nikaanza kupumua. Mwishoni msomaji akakohoa kidogo, akasema: "Wananchi wote wa mikoa ya Mbeya na Iringa wanatahadharishwa kwamba leo, kuanzia saa kumi na mbili jioni..."

Redio ikakata roho.

Mama aliipiga kofi. Mzee Mgaya, jirani yetu aliyewahi kupigana vita vya Kagera, akazitoa betri akaziuma moja baada ya nyingine. Kimya. Mtu akatumwa dukani, akarudi mbio: duka limefungwa, mwenyewe kaenda Makambako kununua bidhaa.

"Ni vita," Mzee Mgaya akasema. "Mimi nawajua. Huwa wanaanza hivihivi, kwa adabu."

"Vita gani, yuve wewe?" Bibi yangu akamkatiza. "Miaka elfu mbili inafika. Bwana anarudi. Mnatahadharishwa bado mnabisha!"

Mama hakusema vita wala kiyama. Aliitazama barabara. "Daraja," akasema polepole. "Kuna daraja limeondoka, na Baba yenu yuko njiani."

Na mimi? Nilikuwa na hakika kwamba serikali imejua habari za betri.

Mchana ule sijausahau. Mzee Mgaya alichimba handaki nyuma ya nyumba yake, akachimba mpaka shati likaloa, mwisho likatosha baiskeli tu, akaizika baiskeli. Bibi alitoa kibuyu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, alichokuwa akikiweka kwa ajili ya ubarikio wa mjukuu kanisani, akaanza kukipunguza, akisema hawezi kuuacha mikononi mwa Shetani. Leo nacheka. Siku ile sikucheka hata kidogo, kwa sababu nilimwona Mama akimchinja jogoo wa Krismasi katikati ya wiki. Mama hakuwa mtu wa kuchinja ovyo. Nilipomwona ananyonyoa manyoya huku akiitazama barabara, ndipo nilipoamini kwamba tunakufa.

Nyama ilibaki sahanini. Kila lori liliponguruma barabarani Mama alisimama, likapita, akaketi. Saa kumi na moja na nusu alitufungia ndani, akatuvalisha nguo za kanisani na viatu vya shule. Ukungu ulikuwa unashuka. Nikaona siwezi kufa na dhambi ile moyoni.

"Mama," nikasema nikilia, "betri nimezimaliza mimi."

Mama aliinama akaendelea kunifunga kamba za viatu. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Nyamaza," akasema. "Usimwambie mtu."

Saa kumi na mbili ikafika. Ikapita. Kisha mlango ukagongwa kwa nguvu, Bibi akapiga magoti, na tukasikia sauti ya Baba: "Mbona mmejifungia? Nani kafa?"

Mama alifungua akamkumbatia mbele ya majirani waliokuja mbio kusikia sauti yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Baba alinuka mbao na vumbi. Alipoelezwa, alitukodolea macho. Tangazo lenyewe alilisikia Mbeya: umeme ungekatika saa kumi na mbili kwa ajili ya matengenezo. Umeme! Kijiji kizima hakikuwa na hata nguzo moja. Mzee Mgaya aliondoka kimyakimya na koleo lake.

Baba alipomaliza kucheka, akauliza nani kazimaliza betri. Nikafumba macho.

"Ni mimi," Mama akasema. Baba akamgombeza mbele ya majirani wote, naye akainamisha kichwa kama mwanafunzi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mama alidanganya ili kuniokoa, na niliona aibu kila nilipokumbuka. Jioni ya juzi nilimpigia simu nikamwambia nimekumbuka deni langu la betri. Akacheka kicheko chake cha uzee.

"Nilikusikia," akasema. "Nilitoka kisimani nikasikia salamu kihengeni. Nikasimama nyuma yake na ndoo yangu kichwani mpaka kipindi kikaisha. Ningeweza kukukataza."

"Mbona hukunikataza?"

"Mwanangu, miaka kumi na mbili ile redio ilikuwa nyumbani kwangu. Siku ile ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia wimbo mpaka mwisho."