Badogo Bamekauka

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi pale Baraka, mji wa kando ya ziwa, nilipojifunza kwamba mwanamke mzee hana ruhusa ya kuweweseka. Mwanamume mzee anayo. Akilazwa hospitali akaanza kuongea na ukuta, watu huvua kofia na kunong'ona kwamba mababu wamekuja kumsalimu. Mwanamke mzee akiongea na ukuta uleule, basi ni mlozi, na ulozi wake umeanza kumtoka kwa mdomo. Kwetu walisema "anatapika majina", yaani anawataja watu aliowala. Ukuta ni mmoja na homa ni moja, lakini huyu anavuliwa kofia na yule anatafutiwa kamba. Watu wazima walitufundisha hayo bila kucheka.

Koko wangu, nyanya mzaa mama, alizaliwa Ubwari, safari ya boti kutoka kwetu, na maisha yake yote yalikuwa ndagala, hawa samaki wadogo ambao wengine huwaita dagaa. Yeye aliwaita badogo, yaani wadogo. Aliwatandaza mchangani, akawageuza kwa vidole, akitoa kijiwe hapa na jani pale. Wingu likitokea upande wa milima alipiga kelele mtaa mzima usikie: "Mvua inakuja! Muokote badogo bote, musiache hata mumoja!" Mama yangu na kaka yake, mjomba Wilondja, walikua kwa kukimbia na vikapu mvua ikiwafukuza, na sisi wajukuu tukarithi mbio hizo. Kila aliyelelewa na Koko alijua badogo ni akina nani.

Siku moja aliteleza kwenye mawe ya ufukweni, akavunjika nyonga. Mama alikuwa Misisi, akiwapikia wachimba dhahabu, na mvua zilikuwa zimeifanya barabara kuwa uji. Kwa hiyo Koko akaangukia mikononi mwa mjomba Wilondja, nami nikawekwa garde-malade wake, yaani yule ndugu anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda, apike, aoshe na kukimbia akitumwa.

Sijui nimweleze vipi mjomba bila kumtukana. Aliwahi kufanya kazi ya kuwapandisha abiria kwenye maboti, na huko akaokota maneno machache ya Kifaransa, akayavaa kama koti la harusi kila siku ya Mungu. Akikohoa alisema "pardon". Akikosea alisema "justement", yaani ndivyo hasa. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na debe letu lilivuma hadi wodini.

Amri yake ya kwanza ilikuwa kuifungia miwani ya Koko sandukuni nyumbani, eti hospitali kuna wezi. Ya pili ilikuwa kuziba dirisha la kando ya kitanda kwa kitenge, eti upepo unaleta kifua. Mama yake mzazi akabaki kwenye kiza mchana kutwa, haoni nani anapita, hajui kumekucha au kumekuchwa, na nyonga inamchoma. Mjomba alisimama katikati ya wodi, mikono kiunoni, ameridhika kabisa na usimamizi wake.

Siku za mwanzo Koko alikuwa na akili zake, aligombana hata na uji. Kisha jioni moja aliniangalia, akaniita kwa jina la dada yake aliyezikwa Ubwari zamani. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya shuka, vinachambua, vinatupa kando, vinachambua tena. Halafu akapaza sauti.

"Badogo bamekauka! Bamekauka bote! Muokote, musiache hata mumoja!"

Mwezi uleule, kwenye barabara yetu, walikuwa wamekufa watoto wawili waliokonda hadi ngozi ikashika mifupa. Msibani watu hawakuwa na neno jingine ila hilo: mtoto amekauka. Sasa bamama waliokuwa wakiwalinda wagonjwa wao wakatazamana, mmoja akakumbatia mtoto wake, mwingine akahamisha mkeka.

Nilimvuta mjomba shati. "Mujomba, anasema ndagala."

"Funga kinywa," akaniambia. "Mutoto anajua nini?"

Nilimwona akiwatazama wale bamama, mmoja mmoja, na jasho likimtoka juu ya mdomo. Nilidhani ni joto.

Kesho yake daktari alipita haraka, mtu wa shughuli nyingi, akamtazama Koko anavyochambua shuka, akamwambia muuguzi wake njiani, "Elle délire." Maana yake ni kwamba anaweweseka. Hakumwambia mtu mwingine neno. Lakini mjomba alikuwa amelisikia, na Kifaransa kikipita mbele ya mjomba hakiendi bila kukamatwa.

"Mumesikia?" akatangazia wodi nzima. "Docteur mwenyewe amesema! Délivrance! Mama iko na lazima ya délivrance!"

Délivrance. Yaani maombi ya kutoa mapepo. Kati ya délire na délivrance kuna umbali wa kutoka Baraka hadi mwezini, na mjomba aliuruka kwa hatua moja bila kulowesha viatu. Hakuna aliyeuliza. Nani abishane na daktari, na nani abishane na mtu anayesema "justement"?

Kabla ya saa ya chakula alikuwa amemleta mtu aliyejiita Nabii, mwenye filimbi shingoni kama mwamuzi wa mpira. Huyu alimtazama Koko kwa muda wa kumeza mate tu, akajua yote. Akaamuru afunge kavu, asile wala asinywe hata tone, kwa sababu maji yangeyarudisha majina tumboni kabla hajayatapika yote. Mpaka leo sijaelewa mtu anatapikaje akiwa na tumbo tupu, lakini manabii wa namna ile hawaulizwi hesabu ndogo. Akaamuru pia mikono ifungwe, isije "ikaokota" mtoto mwingine. Mjomba alichana pindo refu la kitenge kilekile cha dirishani, akamfunga mama yake kwenye vyuma vya kitanda. Muuguzi alipouliza kutoka mlangoni kama mgonjwa amekunywa, mjomba akajibu, "Vizuri sana, merci."

"Mayi," alisema Koko. "Munipe mayi."

"Taja kwanza majina," alisema Nabii, akapuliza filimbi.

Midomo ya Koko ilipasuka. Kadiri kiu ilivyozidi ndivyo alivyozidi kuwaita badogo, na kadiri alivyowaita ndivyo walivyozidi kumnyima maji. Nje, baba wa mmoja wa wale watoto waliokufa alikuwa amefika na ndugu zake, wamekaa ukutani kimya, wanasubiri mgonjwa atoke. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua watu wanaomsubiri mlozi hawaji na maua. Nililia kwa hofu, na mjomba akaniambia machozi yanaharibu maombi.

Mama alifika na pikipiki kutoka Misisi akiwa na matope hadi kwenye nyusi. Alisimama mlangoni akaona kamba za kitenge, akaona midomo.

"Nani amefunga mama yangu sawa mbuzi?"

"Dada, ni docteur alisema délivrance," mjomba akaanza.

"Sikukuuliza Kifaransa."

Alimfungua Koko kwa meno pale fundo lilipokataa. Nabii akainua filimbi. Mama akamwambia, "Puliza. Puliza tu, utaimeza." Hakupuliza, na sijaona tena mwanamume mwenye imani kubwa kiasi kile akitafuta mlango kwa haraka kiasi kile. Kisha mama akaenda akamleta daktari akimvuta kwa mkono wa koti.

Daktari alishangaa kweli. "Délivrance? Nani alisema délivrance? Mi nilisema délire."

"Na weye, docteur," mama akamwambia, "kinywa chako cha Swahili kilienda wapi? Uliogopa kitachakaa?"

Akaona haya, nampa sifa hiyo, akakaa kitandani akaeleza kwa Kiswahili. Mzee akivunjika, akipata maumivu, akikosa maji, akipata ugonjwa wa mkojo, akalala mahali pageni asipoona vizuri, akili yake inaweza kuvurugika ghafla, leo mzima, kesho anaota macho wazi. Si wazimu wala si pepo. Ugonjwa wenyewe utibiwe, apewe maji, avalishwe miwani, dirisha lifunguliwe mchana, usiku aachwe alale, mtu wa nyumbani akae karibu na kumwambia yuko wapi. Na asifungwe kamba, kwa sababu kamba inazidisha hofu. Niliyasikiliza nikigundua kwamba tulikuwa tumefanya kinyume cha kila kimoja, tena kwa bidii, tena kwa jina la Mungu.

Mama alimnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, akimwambia, "Mama, uko hospitali, Baraka. Ni mimi. Ni muchana." Akamwambia hivyo mara nyingi kuliko alivyosali. Haikuwa muujiza. Siku moja Koko alirudi nusu, kesho yake akapotea tena, kisha asubuhi fulani akavaa miwani, akanitazama, akaniita kwa jina langu. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani aliwaingiza ndagala aliowaacha mchangani.

Akili ilirudi lakini jina lake jema halikurudi. Wale waliosubiri ukutani waliondoka, daktari aliwaeleza, wakainamisha vichwa kwa heshima na hawakuamini hata neno. Pale Baraka hakuna tena aliyenunua ndagala wa Koko. Watoto walivushwa upande wa pili wa njia wasipite mlangoni pake. Mama akampandisha boti akamrudisha Ubwari, akaishi huko miaka mingi akigeuza badogo wake kwa fimbo, amekaa kigodani, akafa kwa uzee. Mjomba hakwenda kumtembelea hata mara moja. Alisema ziwa linamletea kizunguzungu.

Kwa miaka yote hiyo nilimdharau kama mtu anavyomdharau mjinga. Ni dharau nyepesi, haichoshi.

Mwaka huu mjomba Wilondja mwenyewe amelazwa, mapafu, hospitali ileile. Nilifika mchana nikawakuta wanawe wamekaa mbali na kitanda, kofia magotini. Dirisha limefungwa. Kikombe cha maji kiko mezani, kimejaa, kimeingia vumbi.

"Yaya, tusimusumbue," mkubwa wao akaninong'oneza; yaya kwetu ni ndugu mkubwa. "Muzee iko anasemezana na bakoko."

Mkuki kwa nguruwe, nikawaza. Yeye hakuna aliyempulizia filimbi. Wanangoja tu, kwa heshima kubwa, akauke. Midomo yake ilikuwa imepasuka palepale ilipopasuka ya mama yake, na vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya shuka. Nilimtuma kijana mmoja akamwite muuguzi, nikafungua dirisha, nikatafuta miwani, nikainama nisikie anasema nini na hao mababu.

"Mama," alisema. "Mvua inakuja. Badogo bameingia?"

Nilisimama wima. Kumbe alijua. Siku ile nilipomvuta shati alijua vizuri kuliko mimi, maana aliwakimbilia na kikapu kabla sijazaliwa. Haukuwa ujinga, wala hakikuwa Kifaransa. Aliwaogopa wale bamama, akaogopa kuitwa mtoto wa mlozi, akaona afadhali awe wa kwanza kumfunga mama yake. Udhuru pekee niliokuwa nimempa maisha yangu yote, ujinga, aliurudisha mwenyewe, na nilimdharau pale kitandani kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote.

"Mujomba, uko hospitali," nikamwambia. "Ni muchana."

"Mama, bameingia?"

Nilimwinua kichwa. Kilikuwa chepesi. Nikaweka kikombe mdomoni mwake.

"Bameingia bote," nikamwambia. "Hakubaki hata mumoja. Kunywa."